Mlinzi Anapomzuia Mwenye Nyumba

Tumchukue karani mmoja wa zahanati anayetunza hesabu za dawa kwa kompyuta. Kwa muda wa miaka mitatu programu yake imemtumikia bila taabu. Siku moja mtengenezaji wa programu hiyo anampelekea toleo jipya, ambamo makosa mawili matatu ya hesabu yamesahihishwa na ufa mmoja, ambao wezi wangeweza kuupitia, umezibwa. Karani anafanya kama alivyofundishwa: anaondoa toleo la zamani, anaweka jipya, kisha anabonyeza alama yake ili kazi ianze. Programu haifunguki. Badala yake yanatokea maandishi makubwa yanayomwarifu kwamba kompyuta imekingwa na programu isiyotambulika, ambayo huenda ikaleta madhara. Nje ya dirisha wagonjwa wamepanga foleni.

Karani huyu ni wa kubuni, lakini mkasa wake si wa kubuni. Kila siku, katika nchi nyingi, programu halali zilizotoka kusahihishwa huzuiwa na mitambo ya ulinzi iliyomo ndani ya kompyuta zenyewe. Mtengenezaji hakukosa, mtumiaji hakukosa, na hakuna mwizi aliyeonekana; hata hivyo kazi imesimama. Jambo hili huchukuliwa na wengi kuwa kero ndogo ya kiufundi. Mimi naona ni jambo zito, kwa sababu linawafundisha watu kutomwamini mlinzi wao, na linawaelemea zaidi wale walio wachache na wasio na fedha.

Mlinzi hutambuaje?

Mfumo endeshi ni programu kuu inayosimamia kazi zote za kompyuta. Ndio unaogawa kumbukumbu, kufungua mafaili, na kuruhusu programu nyingine zifanye kazi. Katika kompyuta za mezani mifumo inayojulikana zaidi ni Windows ya Microsoft na macOS ya Apple, na kila mmoja una mabawabu wake. Katika Windows yuko SmartScreen, aliyeanza mwaka 2009 kama chujio la kivinjari cha Internet Explorer, akaanza kupima sifa za mafaili yanayopakuliwa mwaka 2011, kisha akaingizwa ndani ya mfumo wenyewe katika Windows 8 mwaka 2012. Pembeni yake yuko Defender, ambaye kazi yake ni kusaka virusi. Katika macOS yuko Gatekeeper, jina lenye maana ya bawabu, tangu mwaka 2012. Tangu toleo la Catalina la mwaka 2019, programu zinazosambazwa nje ya duka la Apple hutakiwa zipelekwe kwanza kwa kampuni hiyo zikaguliwe na kupewa hati.

Mabawabu hawa hutumia njia kuu tatu. Njia ya kwanza ni orodha ya wahalifu. Wataalamu hukusanya alama za programu mbaya zilizokwisha kujulikana, na kila faili linaloingia hulinganishwa na orodha hiyo. Njia ya pili ni saini. Mtengenezaji hupewa cheti na shirika linaloaminiwa, naye hukitumia kutia saini ya kidijitali katika programu yake, ili ijulikane imetoka kwa nani na kwamba haikuchezewa njiani. Njia ya tatu ni sifa, yaani jina jema. Bawabu huuliza: faili hili limekwisha kupakuliwa na watu wangapi, na je, limewahi kuleta madhara?

Kwa kila faili inaweza kupigwa hesabu inayotoa namba moja ndefu, mfano wa alama ya kidole gumba. Kanuni inayotumika sana, iitwayo SHA-256, hutoa namba yenye biti 256. Ukibadili herufi moja tu katika faili lenye kurasa elfu moja, namba hiyo hubadilika kabisa, isifanane tena na ya awali. Kwa hiyo programu iliyosahihishwa kosa dogo la kujumlisha, machoni pa bawabu, ni kitu kipya kisichopata kuonekana duniani.

Hapo ndipo ulipo mzizi wa fitina. Wazee walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Bawabu wa kompyuta naye ana desturi ya kumpima mgeni kwa siku, ila kila toleo jipya huhesabiwa kuwa limefika leo. Saini hupunguza tatizo, kwa kuwa jina jema laweza kushikamana na cheti cha mtengenezaji badala ya kushikamana na faili moja moja. Lakini vyeti navyo huisha muda wake, na mtengenezaji anapochukua kipya jina lake huweza kuanza kujengwa upya. Naye asiye na cheti hurudi mwanzo kila anaposahihisha kosa.

Hakuna mlinzi asiyekosea

Yafaa ieleweke kwamba makosa haya hayatokani na uzembe peke yake. Mwaka 1936 mwanahisabati Mwingereza Alan Turing alithibitisha kwamba hakuna kanuni moja iwezayo kutazama programu yoyote ile na kusema kwa hakika kama itafika mwisho au itaendelea kuzunguka milele. Mwaka 1984 Mmarekani Fred Cohen alitumia hoja ya jamii hiyo kuonyesha kwamba hakuna programu iwezayo kutenganisha, bila kosa lolote, virusi na visivyo virusi. Huu ni mpaka wa elimu yenyewe, wala hauondoki kwa kununua mashine yenye nguvu zaidi. Mlinzi hana budi kuchagua: akilegeza, baadhi ya wezi watapita, akikaza, baadhi ya wenye nyumba watalala nje.

Historia ya miaka ya karibuni imejaa mifano. Tarehe 21 Aprili 2010 kampuni ya McAfee ilisambaza orodha mpya ya virusi, na ndani yake faili la svchost.exe, ambalo ni kiungo muhimu cha Windows XP, lilihesabiwa kuwa kirusi. Kompyuta nyingi zilipoteza mtandao au zikawa zinazima na kuwaka bila kikomo. Katika jimbo la Rhode Island huko Marekani baadhi ya hospitali ziliahirisha upasuaji usio wa dharura. Mwezi Septemba 2011 programu ya ulinzi ya Microsoft iliidhania Chrome, kivinjari cha Google, kuwa mwizi wa maneno ya siri, ikaifuta katika kompyuta za watu. Mwezi Septemba 2022 Defender alirudia kosa la namna hiyo hiyo, akaiona Chrome na programu nyingine nyingi zilizojengwa juu ya msingi ule ule kuwa za hatari, mpaka Microsoft iliposahihisha orodha yake.

Upande wa Apple makosa yalichukua sura ya vyeti. Mwezi Novemba 2015 cheti kimoja cha duka la programu za Mac kiliisha muda, na watu wengi wakaambiwa kwamba programu walizozinunua kwa haki zimeharibika. Mwezi Oktoba 2020 wenye mashine za kuchapia za HP walionywa kwamba programu za mashine hizo zitadhuru kompyuta zao. Ilibainika kwamba HP yenyewe ilikuwa imebatilisha cheti chake bila kukusudia. Tarehe 12 Novemba mwaka huo huo, siku toleo la Big Sur lilipotolewa, seva ambayo kompyuta za Mac huiuliza kama cheti fulani kingali halali ilizidiwa na kazi. Programu za watu duniani kote zikachelewa kufunguka au hazikufunguka kabisa, hata zile zilizokuwa zimetumika kwa miaka. Na mwezi Januari 2025 waliotumia programu ya Docker katika Mac waliambiwa kwamba sehemu yake mojawapo ina programu haramu. Kampuni ya Docker ikaeleza kwamba baadhi ya mafaili yalikuwa na saini isiyo sahihi, na kwamba madhara yaliyotajwa hayakuwapo.

Msomaji aangalie jambo moja katika mifano hii. Kosa lilikuwa la orodha, au la tarehe, au la saini, au la seva. Lakini mtumiaji aliambiwa "hatari", "madhara", "imeharibika". Mlinzi hakusema "sijui". Alitamka hukumu wakati hakuwa na ushahidi.

Hoja ya upande wa pili

Wapo watakaosema kwamba ni afadhali kuzuia watu kumi wema kuliko kupitisha mwizi mmoja. Hoja hii ina uzito, wala haifai kupuuzwa. Tarehe 27 Juni 2017 virusi vilivyoitwa NotPetya vilienea kutoka Ukraine vikiwa vimefichwa ndani ya masahihisho ya M.E.Doc, programu ya mahesabu ya kodi iliyotumika sana nchini humo. Mwaka huo huo toleo halali la programu ya CCleaner, lenye saini sahihi ya mtengenezaji, liligunduliwa kuwa limepandikizwa programu haramu, na nakala zipatazo milioni 2.27 zilikuwa zimekwisha kuingia katika kompyuta za watu. Mwaka 2020 ikafichuka kwamba wapelelezi walikuwa wameingiza mlango wa siri katika masahihisho ya SolarWinds, ambayo yaliwafikia wateja wapatao 18,000. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ong'o hushtuka. Si ajabu basi kwamba walinzi wa leo hushtushwa na kila kitu kipya.

Lakini tuitazame mifano hiyo kwa makini. Programu zote tatu zilitoka kwa wenye majina yanayojulikana, na CCleaner na SolarWinds zilikuwa na saini sahihi za wenyewe. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Kipimo cha umaarufu na cheti kisingeyazuia maafa hayo, ilhali kipimo hicho hicho ndicho kinachomzuia karani wetu na programu yake ya dawa. Umaarufu ni dalili, na dalili hufaa. Haufai kugeuzwa kuwa ushahidi.

Gharama ya kilio cha uongo

Tupige hesabu ndogo ya mfano. Tuseme katika mwaka mmoja mafaili 10,000 yanaingia katika kompyuta za taasisi fulani, na kati yake 10 ni mabaya. Tuseme pia kwamba mlinzi ni hodari: hukamata 9 kati ya mabaya 10, na huyakosea mafaili mema mara 1 tu katika kila 100. Basi atakamata mabaya 9, lakini atazuia pia mema yapatayo 100. Kwa hiyo katika kila vilio 12 vya mlinzi huyu hodari, takriban 11 ni vya uongo. Kosa dogo juu ya kundi kubwa huzaa makosa mengi kuliko ufanisi mkubwa juu ya kundi dogo.

Sasa mtumiaji anayesikia vilio 11 vya uongo kwa kila kimoja cha kweli atafanya nini? Atafanya walivyofanya wanakijiji waliochoshwa na mchungaji aliyezoea kupiga yowe la simba ilhali simba hayupo. Katika Windows, kitufe cha kufungua programu iliyozuiwa na SmartScreen hakionekani mpaka mtu abonyeze kwanza maneno ya kutaka maelezo zaidi. Karani akifundishwa mara moja kupita njia hiyo, ataipita siku zote, hata siku simba atakapokuja kweli. Wengine humzima mlinzi kabisa, wakadhani wamepata nafuu.

Gharama ya pili ni kubwa zaidi. Toleo la zamani, lenye ufa, lina jina jema kwa sababu limetumika miaka mingi. Toleo jipya, ambalo ufa wake umezibwa, halijulikani. Mlinzi hulipitisha bovu na kulizuia zima, na mtu aliyevunjwa moyo hubaki na bovu. Madhara ya kuchelewa kusahihisha yameonekana. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa masahihisho ya ufa mmoja wa Windows. Tarehe 12 Mei, takriban miezi miwili baadaye, virusi vya WannaCry viliwapata waliokuwa hawajaziba ufa huo, katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza, kwa makadirio yaliyotajwa katika ripoti ya Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi, miadi ya wagonjwa zaidi ya 19,000 ilivunjika. Jambo lolote linalomfanya mtu aogope masahihisho ni rafiki wa virusi, hata likiitwa ulinzi.

Nani anaumia zaidi?

Kampuni kubwa ikitoa toleo jipya, mamilioni ya watu hulipakua kwa siku chache, na bawabu hulizoea upesi. Mtaalamu mmoja wa Dodoma au Kisumu anayewatengenezea wanaushirika hamsini programu ya kuweka hesabu hawezi kufikia idadi hiyo hata miaka ikipita. Cheti cha kutia saini hununuliwa kwa fedha za kigeni. Uanachama wa watengenezaji wa Apple peke yake ni dola 99 kwa mwaka. Kwa hiyo kipimo kinachodai kupima usalama, kwa sehemu kubwa, kinapima wingi wa wateja na unene wa mfuko.

Jambo hili linaigusa hata lugha yetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliowashirikisha wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisini kwa Kiswahili. Wakati huo mabawabu wa namna hii walikuwa hawajaanza kupima majina. Kazi kama hiyo ikitolewa leo na kikundi kidogo kisicho na cheti, kwa watumiaji mia chache, itapokewa kwa onyo la hatari kila inaposahihishwa tahajia ya neno moja. Twajua methali isemayo chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini chema hakiwezi kujiuza iwapo mlangoni pa duka amesimama askari anayewaambia wanunuzi kwamba huenda kina sumu.

Yatupasayo kufanya

Kwanza, watengenezaji wa mifumo endeshi hawana budi kutenganisha maneno mawili: "najua ni mbaya" na "sijui". Programu iliyothibitika kuwa haramu izuiwe bila huruma. Programu isiyojulikana itajwe kuwa haijulikani, na mtumiaji aelezwe kwa lugha nyepesi sababu ya kutojulikana kwake: ni mpya, haina saini, au cheti chake kimekwisha muda. Tena kuwe na mahali pa kukata rufaa panapojibu kwa haraka. Microsoft, mathalani, ina utaratibu wa kupokea mafaili yaliyodhaniwa vibaya ili yachunguzwe upya. Utaratibu wa namna hiyo uwafae wadogo kama unavyowafaa wakubwa, na jibu lije kabla kazi haijaharibika.

Pili, watengenezaji wa programu wajisaidie. Mwenye uwezo wa kupata cheti akipate, akitunze, na kila toleo alitie saini pamoja na muhuri wa wakati, ili saini ibaki halali hata baada ya cheti kuisha muda wake. Toleo jipya lipelekwe kuchunguzwa kabla ya kusambazwa. Namba ya alama ya faili itangazwe mahali pengine, mbali na pale faili linapopakuliwa, ili mtumiaji aweze kulinganisha. Vyuo vyetu na vyama vya wataalamu vingeweza kuwasaidia watengenezaji wadogo kwa kutia saini kwa pamoja, baada ya kuzikagua kazi zao.

Tatu, taasisi zisiwaachie makarani mzigo huu. Kila toleo jipya lijaribiwe kwanza katika kompyuta moja kabla ya kuenezwa kote. Somo hili lilirudiwa kwa uchungu tarehe 19 Julai 2024, wakati masahihisho mabovu ya programu ya ulinzi ya CrowdStrike yalipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 kwa mara moja. Awepo mtu mmoja mwenye ujuzi na mamlaka ya kuamua kama onyo ni la kweli, na uamuzi wake uandikwe.

Nne, mtumiaji asimzime mlinzi. Akikuta onyo, ajiulize: faili hili nimelitoa wapi? Nililitazamia? Mtengenezaji amekiri kwamba ni lake? Kuuliza si ujinga, na simu moja kwa mtengenezaji yaweza kuokoa kazi ya mwaka mzima.

Tumrudie karani wetu. Akiambiwa kwa maneno ya kweli kwamba toleo hili lilitolewa jana, kwamba bawabu hajapata kuliona, na kwamba namba yake ni hii hapa ailinganishe na ile iliyotangazwa na mtengenezaji, ataweza kuamua kama mtu mzima mwenye akili. Atakawia dakika tano, kisha wagonjwa watahudumiwa. Akiambiwa "hatari" kila siku, ama ataogopa masahihisho yote, ama hataogopa chochote. Ulinzi wa kweli humpa mtu maarifa ya kujilinda. Hilo ndilo tunalopaswa kulidai kwa wenye mitambo, na kulifundisha katika shule na ofisi zetu, kabla mazoea ya kulipuuza onyo hayajaota mizizi.